Nusu ya Unywele

Kwa maelezo ya Gulshan wa mlango wa 1108, Josaphat alipigwa na mionzi kazini Jumanne saa nane mchana, akaanguka chali, nyusi zote mbili zikapukutika, kisha akarudi nyumbani kwa miguu yake akiwa ameibeba sumu yenyewe ndani ya sanduku. Gulshan hakuwa huko kazini kwa Josaphat. Alikuwa kwenye lifti, na mfuko wake wa vitunguu. Lakini sanduku aliliona kwa macho yake mawili, la njano, lenye ile alama nyeusi kama mapanga matatu ya feni, na Josaphat alikuwa amelikumbatia kama mtoto mchanga. Zaidi ya hayo, alimsalimu asiitikie. Mtu mwenye nyusi zake, alisema Gulshan, huitikia salamu. Kufikia saa kumi ghorofa ya kumi na moja nzima ilikuwa imearifiwa, na mama mmoja wa ghorofa ya tisa alikuwa amekimbia kutoa nguo zake kwenye mashine ya kufulia ya jengo, zikiwa bado na povu.

Thacienne, mke wa Josaphat, aliipata habari hiyo mlangoni kwake, kutoka kwa Gulshan mwenyewe, aliyekuja kumpa pole.

"Ya Ali, Mama Ella! Umetulia hivyo? Mumeo yuko wapi?"

"Yuko bafuni. Ananyoa."

"Ananyoa nini, na vyote vimepukutika?"

"Umesema nyusi, dada. Ndevu bado zipo."

Gulshan alichungulia juu ya bega la Thacienne. "Na lile sanduku?"

"Lile la viazi?"

Sanduku lilikuwa jikoni, kifuniko wazi, limejaa viazi kilo nane. Kazini kwa Josaphat lilikuwa linatupwa, tupu na safi, yeye akaliona lina mishikio imara, akaliomba, akapitia dukani. Gulshan aliinama akachukua kiazi kimoja, akakigeuza huku na huku kama anayetafuta jeraha, akakirudisha. Hakuonekana kufurahi. Mtu aliyekuja kulia na rafiki yake haridhiki kuonyeshwa viazi.

Hata hivyo Thacienne hakumcheka. Gulshan alikulia Mwanza, ameishi hapa Scarborough, Toronto, miaka thelathini, na Kiswahili chake hakikuwa na kutu hata kidogo; kazi ilikuwa kumpata wa kukisema naye. Tena katika maneno yake yote hayo kulikuwa na moja lililomkaa Thacienne kifuani. Josaphat hakuitikia salamu. Josaphat, ambaye humpa mkono hata dereva wa basi, na dereva hajui aufanyie nini.

*

Mezani, Gulshan akiwa amekwisha kukaribishwa kwa sababu alikuwa amekwisha kukaa, Josaphat alitoka bafuni na nyusi zake kamili.

"Shemeji, wanasema nimekufa?"

"Hatujasema umekufa. Tumesema umeungua."

"Nani amesema?"

"Watu."

Ella, binti yao wa miaka kumi na mitano, alisema kwa Kiingereza, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake, kwamba watu ni Mama Zameer, yaani Gulshan mwenyewe. Ella alielewa Kiswahili chote, hata kile ambacho wazazi wake walitamani asikielewe, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza.

Ndipo Josaphat akaamua kumweleza Gulshan kazi yake, mara moja iishe. Alichukua glasi ya maji yenye nakshi, akawasha tochi ya simu, akaimulika glasi. Ukutani kukatokea duara kubwa la mwanga, linachoma macho.

"Hii tochi ndiyo mionzi. Glasi ni fuwele, ila ya kwetu ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Wakubwa wanataka kujua ndani ya ile punje vitu vimepangwaje, ili watengeneze dawa. Ukuta ni jicho la mashine. Mnaona nini ukutani?"

"Mwanga," alisema Gulshan.

"Basi? Hamna kingine?"

"Mwanga tu, shemeji, unaniumiza."

Josaphat alichoma harage kwenye kijiti cha kuchokolea meno, akakiinua taratibu mpaka harage likasimama kati ya glasi na ukuta, katikati kabisa ya ule mwanga mkali. Duara likafa. Na pembeni yake, pale ambapo hapakuwa na kitu, yakajitokeza madoadoa madogo ya mwanga, kumi, ishirini, yametawanyika ukutani kwa mpango kama kitenge.

"Hayo ndiyo wanayoyatafuta. Yalikuwepo muda wote. Mwanga mkubwa ndio ulikuwa unayafunika, na ukiuacha uingie hivyo hivyo utaliharibu jicho, na jicho lile bei yake ni zaidi ya nyumba zote za ghorofa hii. Kwa hiyo tunaweka kishanga kidogo cha chuma kizito, kama kichwa cha pini, kwenye waya mwembamba. Kazi yangu ni kukisimamisha katikati. Si kushoto, si kulia, si chini. Katikati."

"Harage tu," alisema Gulshan.

"Ni kama wewe ukiwa chumbani, shemeji. Wengine wote tunaongea, ila hatusikiki. Ukizibwa kidogo ndipo mtu anagundua, kumbe humu ndani kuna watu."

Aliyecheka zaidi ya wote alikuwa Gulshan, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mimi nizibwe kwa harage? Nitafutie angalau korosho!"

Josaphat naye alicheka, lakini kicheko chake kilikoma kabla ya cha wengine, na mkono ulioshika kijiti ulikuwa bado hewani. Thacienne aliuona. Harage lilikuwa limesimama tuli. Mkono huo ulifungua na kufunga saa za watu sokoni Uvira, Kongo, miaka kumi na minne, na haukuwa umeanza kutetemeka leo.

"Sema," alimwambia. "Kuna nini?"

Akasema. Wiki mbili sasa kishanga kilikuwa kinashuka. Saa tisa alasiri anakiacha katikati, anapiga picha, kivuli chake ni duara kamili. Asubuhi akifika, juu ya kivuli kumechomoza mwanga mwembamba kama mwezi mwandamo. Kimeshuka nusu ya unywele. Anakirudisha. Kesho yake kimeshuka tena. Na leo Daktari Karima, mkuu wa maabara, alibandika karatasi ya herufi ukutani na kumwomba Josaphat azisome kwa mbali, jicho moja moja, mbele ya wanafunzi wawili.

"Ukazisoma?"

"Zote."

"Sasa je?"

"Wakanipigia makofi." Josaphat alilitazama harage lake. "Kama mtoto aliyekwenda chooni peke yake."

Hakuna aliyecheka, hata Ella.

"Ijumaa miezi yangu ya majaribio inaisha. Saa tatu asubuhi Karima atapiga picha yeye mwenyewe. Kishanga kikiwa mahali pake, anatia sahihi, kazi inakuwa yangu. Kikiwa kimeshuka, nirudi Malton, uwanja wa ndege, kupanga maboksi."

*

Jumatano saa kumi na moja alfajiri, Thacienne aliandaa mkoba wa mumewe kama kila siku: wali, maharage, sambusa mbili, na chini ya yote, ndani ya leso, bisibisi ndogo yenye mpini wa shaba ambayo Josaphat alitoka nayo Uvira wakati alipoacha hata viatu. Maabara ilikuwa na bisibisi za kila namna, zimepangwa kwa ukubwa. Yeye alitumia hiyo.

Kisha, Josaphat akiwa bado anajifunga kamba za buti, Thacienne alifungua kabati la juu na kutoa chupa ya mafuta ya zeituni yaliyoombewa. Alipewa kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, siku ile ile Josaphat alipopewa tarehe ya Ijumaa. Alianza kwa tone moja kwenye ncha ya bisibisi, si zaidi, maana alijua mambo ya mafundi. Kishanga kilipoanza kushuka, aliongeza la pili. Wiki iliyofuata, la tatu. Leo, kwa ajili ya yale makofi, aliweka manne, na maombi yake yakawa ya kitaalamu, kwa kuwa aliamini Mungu hapendi kuombwa ovyo ovyo.

"Bwana, kile kishanga. Kile cha chuma kizito, kwenye waya. Kisiende kushoto, kisiende kulia. Hasa chini, Bwana. Kishikilie."

Alifunga leso. Kama Josaphat aliwahi kuona leso ina mafuta, alijua mkewe hupika sambusa.

*

Siku hiyo hiyo saa kumi kasorobo, Josaphat aliingia akiwa amemsalimu kila mtu kuanzia mlango wa chini. Thacienne alimsikia tangu kwenye lifti.

"Tumemshika!" alisema, hata kofia hajavua. "Mama Ella, macho yangu ni mazima. Karima alileta lenzi, akaitazama ile skrubu inayoshikilia waya. Unajua alikuta nini? Mafuta!"

Thacienne alikuwa anakoroga mboga. Mwiko ulisimama.

"Mafuta gani?"

"Mafuta tu, ya kuteleza. Skrubu ile inashika kwa sababu ni kavu. Ukiitia mafuta inashika kwa muda, lakini kwenye mashine kuna pampu, inatetemeka kidogo kidogo usiku kucha, na skrubu inalegea kidogo kidogo. Ndiyo maana kinashuka! Nimeipangusa, nikaikaza upya kwa bisibisi yangu. Kuna mtu anatia mafuta."

"Nani sasa atie mafuta kwenye skrubu?"

Josaphat akapunguza sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Darius."

Darius walimjua vizuri. Waliimba naye kwaya moja. Josaphat ndiye aliyempeleka pale maabara mwezi uliopita, kufanya usafi wa jioni, na baridi ilipozidi akampa koti lake la pili.

"Darius akutilie mafuta kwa nini?"

"Sikusema makusudi. Ana kopo la mafuta ya bawaba kwenye toroli lake. Milango inalia, anaitia mafuta. Labda na mle chumbani akapitisha kitambaa chake. Nimemwambia Karima hivyo tu, labda. Karima akasema Darius asiingie tena mle ndani mpaka aamue."

"Hayo mafuta yalikuwa yananukia nini?"

"Mke wangu, nani hunusa skrubu?"

Thacienne alikoroga. Mboga ilikuwa imekwisha kushika chini, akaendelea kuikoroga hivyo hivyo. Alijiambia mafuta ni mengi duniani. Alijiambia bisibisi hugusa kichwa cha skrubu tu. Kisha akakumbuka namna yale matone manne yalivyotelemka kwenye chuma, polepole, kama yanajua yanakokwenda.

Alhamisi alfajiri aliiosha bisibisi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara tatu, akaikausha kwa karatasi. Chupa ya zeituni aliisukuma nyuma ya unga. Akahesabu kwamba jambo limekwisha bila kumsumbua mtu.

*

Saa sita mchana mlango uligongwa, na kwa kuwa uligongwa mara moja tu, alijua si Gulshan. Alikuwa Darius. Theluji ilikuwa inamwagika kutoka kwenye buti zake, naye alirudi nyuma hatua mbili ili isimwagike kwenye zulia la watu.

"Karibu ndani, shemeji."

"Asante, sikai. Nimeleta koti la Baba Ella."

Alikuwa amelikunja vizuri, mikono imeingizwa ndani. Mwilini alibaki na sweta.

"Koti nani amekuomba? Nje ni digrii ngapi?"

"Si baridi sana," alisema Darius, na meno yake yakamsaliti. "Mama Ella, wameniambia Jumatatu nirudishe kadi ya mlango. Nimewauliza nimefanya nini, wanataja mafuta. Mimi mafuta yangu ni ya bawaba, yana rangi nyeusi. Nimewaonyesha kopo. Hawakulitazama." Alilisawazisha koti mikononi. "Muulize Baba Ella nimemkosea nini. Akiniambia nitamwomba msamaha. Ila aniambie, nijue."

Thacienne alikataa kulipokea koti, akaweka mikono nyuma kama mtoto. Darius hakubishana. Alilitundika kwenye kitasa cha mlango, akaagana, akateremka kwa ngazi, ghorofa kumi na moja, kwa sababu kwenye lifti alimwona Gulshan akisubiri.

Gulshan, aliyeyasikia ya mafuta kutoka kwenye lifti, alifika dakika hiyo hiyo. "Ndiye? Ndiye aliyetaka kuilipua mashine?"

"Dada, leo naumwa kichwa," alisema Thacienne, akafunga mlango. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitano.

*

Saa kumi kasorobo Josaphat alirudi bila kumsalimu mtu. Alilikuta koti kwenye kitasa, akaingia nalo mkononi, akaketi nalo magotini.

"Asubuhi kilikuwa kimeshuka tena. Na jana Darius hakuingia. Au ana ufunguo mwingine, au..." Aligusa mkunjo wa koti. "Karima ameiona picha. Amenitazama tu. Kesho saa tatu."

"Josaphat," alisema Thacienne. Humwita Baba Ella. Jina lake hulitumia hospitalini na mbele ya wenye serikali. "Mafuta ni yangu."

"Yapi?"

Akaileta chupa. Akaileta na leso. Akaeleza yote, amesimama, akianzia siku ya kikundi cha akina mama. Josaphat alisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefungua saa na kukuta ndani yake mdudu.

"Matone mangapi?"

"Lilianza moja."

"Na jana?"

"Manne."

"Manne!"

"Ulikuwa unalalamika sana."

Kutoka kwenye kochi ulisikika mlio kama wa sufuria inayochemka ikifunikwa. Ella alikuwa ameficha uso kwenye mto, mabega yanaruka.

"Basi kila nilipokuja hapa kulalamika," alisema Josaphat polepole, "unaongeza."

"Leo sikutia. Nimeiosha, mara tatu."

"Umeiosha bisibisi. Skrubu umeiosha?" Alisimama, akatazama saa ya ukutani. "Karima anaondoka saa kumi na mbili. Vaa koti."

"Na mimi?"

"Wewe si ndiye fundi wa mafuta? Twende."

*

Maabara ilikuwa nyuma ya duka la matairi, basi moja tu kutoka kwao, jengo fupi ambalo Thacienne alilipita mara mia akidhani ni ghala. Walimpa kiti upande wa nje wa dirisha la chumba cha mashine. Aliyemletea kiti alikuwa Daktari Karima mwenyewe, mwanamke mdogo kuliko alivyomwaza, amevaa raba. Alizaliwa hapa hapa Toronto, lakini bibi yake alitoka Bukoba akamwachia Kiswahili cha jikoni.

"Hujambo, mama? Umekula?"

"Nimekula, asante."

"Vizuri. Kula," alisema Karima. Aliyoyaelewa yalikuwa mengi kuliko hayo. Ya kusema ndiyo yalikuwa yamefika mwisho.

Kupitia kioo Thacienne alimwona mumewe kazini kwa mara ya kwanza tangu Uvira. Kishanga hakukiona, kilikuwa kidogo mno. Alichokiona ni skrini, kubwa, nyeupe, na katikati yake kivuli cheusi, na juu ya kivuli ukingo mwembamba wa mwanga. Huo ndio ule mwezi. Josaphat alifungua mlango mzito wa mashine, na mionzi ikazima yenyewe. Aliitoa skrubu, akaiosha kwa spiriti, akaosha na tundu lake kwa kijiti cha pamba, tena na tena, mpaka kijiti kikatoka cheupe. Akaipuliza. Akairudisha. Akageuza bisibisi kidogo mno hata mkono wake ukaonekana haujasogea. Akafunga mlango, akapiga picha, mionzi imepunguzwa nguvu. Mwezi ukawa mwembamba zaidi. Akafungua, akageuza, akafunga, akapiga. Mwezi ukatoka juu ukaja upande wa kushoto. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayemjua mbuzi wake. Akafungua. Akafunga. Mara ya tisa, mwezi haukuwepo. Kulikuwa na duara jeusi tu, na pande zote madoadoa, mamia, madogo na makali, yamejipanga.

Thacienne alisogeza kiti karibu na kioo.

Karima aliingia, akatazama skrini, akatikisa kichwa kwa kukubali. Aliuliza kitu. Josaphat alitazama dirishani, macho yake yakakutana na ya mkewe.

"Nimesafisha skrubu," alisema kwa Kiingereza chake, na hayo Thacienne aliyaelewa.

Karima akasema maneno mengine, na kati ya hayo Thacienne alishika moja tu, Darius, na ishara ya mkono kama ya kufunga mlango. Josaphat aliinamisha kichwa. Mtu asiyemjua angesema anatazama bisibisi. Mkewe alijua ni kuitikia.

Naye, kwenye kiti chake, hakugonga kioo.

*

Ijumaa saa tatu asubuhi kishanga kilikuwa katikati. Saa tatu na dakika kumi Karima alitia sahihi. Saa kumi Josaphat alikuwa mezani kwake, na barua imeegemezwa kwenye kikopo cha chumvi ili kila anayekaa aione, na Gulshan alikuwa amekwisha kufika na sinia la bhajia, kwa maana kufungiwa mlango hakujamzuia mtu wa Mwanza.

"Nimewaambia wote," alisema Gulshan. "Nimewaambia, shemeji yangu amemshinda hasidi. Yule kijana wa kwaya alitaka kuilipua mashine kwa mafuta ya petroli, shemeji akaruka, akaizima kwa mikono yake. Mama wa ghorofa ya tisa amelia."

"Petroli imetoka wapi?" aliuliza Josaphat.

"Kwani mafuta ni nini?"

Thacienne aliweka sahani chini. Jumapili ilikuwa keshokutwa. Habari iliyofika ghorofa ya tisa Ijumaa, kanisani itakuwa imeketi kiti cha mbele. Koti lilikuwa bado nyuma ya kiti cha Josaphat, mikono imeingizwa ndani, kama Darius alivyolikunja.

"Mpigie Karima," alisema.

"Jumatatu nitamwambia."

"Jumatatu kadi ya mtu itakuwa imezimwa. Mpigie sasa."

"Nikamwambie nini, Thacienne? Kwa Kiingereza mafuta ya upako yanaitwaje? Nimwambie mke wangu alikuwa anaipaka mashine yake upako? Wino haujakauka!" Aligusa barua kwa kidole, kama kuhakikisha. "Ella, yanaitwaje?"

Ella alisema hajui. Kisha akasema, na mama yake akageuka kumtazama, kwa kuwa alilisema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayevuka barabara yenye barafu: "Lakini Karima anajua Kiswahili."

Simu ya Josaphat ilikuwa mezani. Thacienne alifuta vidole vyenye mafuta ya bhajia kwenye kanga, akaichukua, akalitafuta jina la Karima. Alimtazama mumewe. Josaphat aliutazama ule mkunjo wa koti. Hakusema ndiyo. Hakunyoosha mkono kuichukua simu pia. Thacienne akabonyeza alama ya kurekodi sauti.

"Daktari Karima, mimi ni Mama Ella, yule uliyeniuliza kama nimekula. Nimekula. Nina jambo. Mafuta ya kwenye ile skrubu si ya Darius, ni yangu. Ni ya zeituni, ya maombi. Niliipaka bisibisi ya mume wangu kila asubuhi, nikiomba kishanga chako kishike, ndipo kikateleza. Josaphat hakujua mpaka jana saa kumi. Ulipomuuliza, alikosa maneno. Na mimi nilikuwa pale kwenye kiti ulichonipa, nikakaa kimya. Ile barua ya kazi ni yako, sahihi ni yako. Nakuomba usiichane. Lakini hata ukiichana, Darius mrudishie kadi yake. Kabla ya Jumatatu, mama. Tafadhali nijibu. Hata neno moja."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda. Aliiweka simu katikati ya meza, kati ya bhajia na barua, na wote wanne wakaiinamia kama wanaota moto.

Zilitokea alama mbili za kijivu. Nje gari la kusukuma theluji lilipita, likarudi. Gulshan alikuwa na bhajia mkononi, imefika nusu ya safari ya mdomoni, na imesimama hapo. Tangu Thacienne amjue, hakuwahi kumsikia akinyamaza muda mrefu hivyo, na katika kimya hicho vilisikika vyote: friji, mabomba, saa ya ukutani, Josaphat akipumua kwa pua.

Alama zikageuka za buluu, Karima ameuona ujumbe. Chini ya jina la Karima likatokea neno kwamba anaandika. Likapotea. Likatokea tena.

Josaphat aliinuka, akaenda mlangoni, akavaa buti. Akalichukua koti la Darius, akalikunjua mikono, akasimama nalo, tayari kumpelekea mwenyewe, mkono mmoja kwenye kitasa.

"Amejibu?" aliuliza.

Neno likapotea.